John Murray (mwanaoseanografia)

John Murray (Cobourg, Kanada, 3 Machi 1841 – karibu na Kirkliston, Uskoti, 16 Machi 1914) alikuwa mwanasayansi wa Uskoti na mmoja wa waanzilishi wa oseanografia, yaani elimu ya bahari. Anajulikana hasa kwa kazi yake katika safari ya meli Challenger iliyozunguka dunia miaka ya 1872–1876, na kwa kusimamia uchapishaji wa ripoti ya safari hiyo hadi ilipokamilika mwaka 1895.

Kati ya mambo mengi aliyoyachunguza, liko swali moja ambalo kwa mtazamo wa kwanza linaonekana dogo: udongo, chumvi na mabaki ya mimea yanayobebwa na mito huishia wapi baharini, na hupatwa na nini huko? Majibu ya Murray hayakuwa sahihi yote. Hata hivyo ni miongoni mwa misingi ya hesabu zinazofanywa leo kuhusu mzunguko wa kaboni kwenye kingo za bahari, hasa mahali mito mikubwa inapomwaga maji yake.

Maisha ya awali

Murray alizaliwa Cobourg, mji mdogo kando ya Ziwa Ontario. Wazazi wake walikuwa Waskoti waliohamia Kanada, na baba yake, Robert Murray, alikuwa mhasibu. Alipofikisha umri wa miaka 17 alikwenda Uskoti kuishi na babu yake mzaa mama huko Bridge of Allan. Alisoma katika mji wa jirani wa Stirling, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Edinburgh.

Chuoni hakuwa mwanafunzi wa kawaida. Alihudhuria masomo ya fani nyingi, tiba ikiwemo, lakini hakujali mitihani na aliondoka bila shahada. Mwaka 1868 alipata kazi ya tabibu kwenye Jan Mayen, meli ya kuwinda nyangumi, ingawa hakuwa amehitimu udaktari. Kwa miezi saba alisafiri katika bahari ya Aktiki hadi Spitsbergen, akikusanya viumbe wa baharini na kuandika habari za mikondo na barafu. Aliporudi Edinburgh alifanya kazi katika maabara ya mwanafizikia Peter Guthrie Tait. Tait ndiye aliyempendekeza nafasi ilipopatikana ghafla katika kundi la wanasayansi wa Challenger.

Safari ya Challenger

Challenger ilikuwa manowari ya Uingereza ya matanga yenye injini ya mvuke. Mizinga yake mingi iliondolewa ili kupata nafasi ya maabara na ghala. Mkuu wa wanasayansi alikuwa Charles Wyville Thomson. Meli iliondoka Portsmouth Desemba 1872 na kurudi Uingereza Mei 1876, baada ya kusafiri maili za kibahari 68,890, yaani karibu kilomita 127,600.

Kazi ilikuwa ileile kila kituo, na vituo vilikuwa 362. Bildi yenye bomba ilishushwa kwa kamba ya katani mpaka sakafu ya bahari ili kupima kina na kuleta juu kipande cha tope. Mara nyingi juya la kukokota lilifuata. Mahali penye kina kirefu, kushusha na kupandisha kamba kulichukua saa nyingi, na mabaharia wengi waliichoka kazi hiyo. Kwa wengi wao ndoo ya tope la kijivu haikuwa na maana. Murray alilichukua tope hilo kuwa shughuli yake.

Pamoja na tope alishughulikia nyavu ndogo zilizokokotwa karibu na uso wa maji. Kwa kulinganisha vitu hivyo viwili alitatua ubishi wa miaka mingi. Sehemu kubwa ya sakafu ya bahari imefunikwa kwa magamba madogo sana ya chokaa ya kiumbe aitwaye Globigerina. Thomson aliamini kwamba viumbe hao wanaishi chini, mahali magamba yao yanapoonekana. Murray aliwakamata wakiwa hai kwenye maji ya juu, akaonyesha kwamba magamba hunyesha polepole kutoka juu baada ya wenyewe kufa. Aligundua pia kwamba kadiri kina kinavyoongezeka chokaa hupungua, hata katika vilindi vikubwa kabisa hubaki udongo mwekundu tu. Sababu aliyoitoa ni kwamba maji ya kilindini huyeyusha chokaa kabla haijafukiwa, na maelezo hayo yamethibitika.

Tope la nchi kavu na tope la bahari kuu

Baada ya safari, Murray alifanya kazi na Alphonse Renard, mtaalamu wa miamba kutoka Ubelgiji. Walipitia maelfu ya sampuli, za Challenger na za meli nyingine, na mwaka 1891 walichapisha kitabu kikubwa kuhusu mashapo ya bahari, yaani vitu vinavyotuama chini ya maji. Majina mengi waliyoyatumia yangali yanatumika.

Mgawanyo wao wa kwanza ulikuwa kati ya mashapo yatokayo nchi kavu na mashapo ya bahari kuu. Vitu vinavyoletwa na mito, mawimbi na barafu havisambai sawasawa baharini. Karibu vyote hubaki pembeni mwa mabara, kwa kawaida ndani ya maili 200 au 300 kutoka pwani. Sakafu iliyobaki, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya dunia, hupata magamba ya viumbe na vumbi tu. Leo jambo hili linaonekana wazi, lakini kabla ya Challenger hapakuwa na mtu aliyekuwa na sampuli za kutosha kulisema.

Murray alitaja pia mstari alioupa jina la mstari wa matope. Uko kwenye kina cha wastani wa pima 100, yaani karibu mita 180. Juu ya mstari huo mawimbi na mikondo husukasuka sakafu, hivyo mchanga hubaki na chembe nyepesi huondolewa. Chini yake chembe hizo hutulia pamoja na mabaki ya mimea na wanyama. Hapo, kwa maoni yake, ndipo palipo na chakula kingi kuliko sehemu yoyote ya sakafu ya bahari, na wanyama wanaokula tope hujaa.

Mashapo ya nchi kavu aliyagawa kwa rangi. Tope la buluu ndilo lililoenea zaidi. Rangi yake hutokana na mabaki ya viumbe yanayooza na kugeuza chuma kilichomo kuwa salfidi. Tope la kijani hupatikana zaidi kwenye pwani zisizo na mito mikubwa, kwa mfano karibu na ncha ya kusini ya Afrika. Tope jekundu lilipatikana mbele ya pwani ya Brazili, kwenye mashapo ya mito mikubwa ya Amerika ya Kusini. Hilo lilimshangaza, kwa sababu mtu angetarajia mito inayotoka kwenye misitu ilete mabaki mengi na kulifanya tope kuwa la buluu. Murray alieleza kwamba chuma chekundu kilikuwa kingi mno kuliko mabaki ya viumbe ya kukigeuza. Maelezo haya yalikuwa nusu ya ukweli, kama itakavyoonekana hapa chini.

Hesabu ya mito

Mwaka 1887 Murray alichapisha makala ambayo haikuhusu safari yoyote. Alikusanya vipimo vya mvua na vya mito vilivyokuwepo wakati huo, akakadiria kwamba mito yote ya dunia humwaga baharini maili za ujazo 6,524 za maji kwa mwaka, yaani karibu kilomita za ujazo 27,200. Makadirio ya sasa ni makubwa zaidi, takriban kilomita za ujazo 36,000 hadi 40,000. Ukikumbuka kwamba mto Kongo, Amazon na mito mingi ya Asia ilikuwa haijapimwa vizuri, hesabu yake haikuwa mbaya.

Kisha alichukua uchambuzi wa kikemia wa mito 19 na kutafuta wastani. Katika kila maili ya ujazo ya maji ya mto alipata tani 762,587 za vitu vilivyoyeyuka, na kati ya hizo tani 326,710 zilikuwa kalsiamu kaboneti, yaani chokaa. Kwa mwaka mzima ilikuwa karibu tani bilioni 5 za vitu vilivyoyeyuka, na ukiongeza kaboneti ya magnesi zaidi ya nusu yake ilikuwa kaboneti. Bahari yenyewe, kinyume chake, ina chumvi ya kawaida nyingi na kaboneti kidogo sana. Kwa hiyo kaboneti inayoletwa na mito haikai majini. Viumbe huichukua kujengea magamba na matumbawe, na mwisho huishia kwenye sakafu. Yaani mto Rhine au Danube unapoyeyusha jiwe la chokaa milimani, kaboni iliyomo jiweni huanza safari ya kwenda kuwa jiwe jingine chini ya bahari.

Jedwali hilo lilitumiwa na wengine kwa mambo ambayo Murray hakuyakusudia. Aliyejulikana zaidi ni John Joly wa Dublin, ambaye mwaka 1899 aligawanya sodiamu yote ya bahari kwa sodiamu inayoletwa na mito kila mwaka ili kupata umri wa bahari. Alipata miaka milioni 80 hadi 90, ambayo ni michache mno, lakini katika wakati wake jibu hilo lilichukuliwa kwa uzito.

Maji yaliyo ndani ya tope

Kazi ya Murray iliyo karibu zaidi na maswali ya leo ni ile isiyosomwa sana. Mwaka 1884 alianzisha kituo cha utafiti wa bahari huko Granton, karibu na Edinburgh, ndani ya machimbo ya mawe yaliyofurika maji. Huko alifanya kazi na mkemia Robert Irvine. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 waliyatoa maji yaliyonaswa ndani ya tope la buluu na kuyalinganisha na maji ya bahari yaliyo juu yake.

Walikuta tofauti kubwa. Ndani ya tope salfati ilikuwa imepungua na kaboneti imeongezeka. Walieleza kwamba mabaki ya viumbe, baada ya kumaliza oksijeni iliyopo, huendelea kuoza kwa kutumia oksijeni iliyofungwa ndani ya salfati. Salfa huungana na chuma na kulipa tope rangi yake. Kaboni ya mabaki huingia majini kama kaboneti na kuanza kurudi baharini. Leo tunajua kwamba kazi hiyo hufanywa na bakteria.

Maana yake ni hii: jani lililobebwa na mto na kuzama kwenye ukingo wa bahari halijafika mwisho wa safari. Sehemu ya kaboni yake itarudi majini na pengine hewani, na sehemu itafukiwa kwa mamilioni ya miaka. Ipi ni kubwa, na kwa sababu gani, ndilo swali lililobaki.

Yaliyojulikana baadaye

Wataalamu wa sasa wanakadiria kwamba mito hupeleka baharini takriban tani bilioni 0.9 za kaboni kila mwaka, karibu nusu ikiwa imeyeyuka kama bikaboneti na nusu ikiwa mabaki ya viumbe. Kwa kulinganisha, kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi hutoa karibu tani bilioni 10 za kaboni kwa mwaka. Kingo za mabara na delta ni sehemu ndogo ya eneo la bahari, lakini zaidi ya asilimia 80 ya kaboni ya viumbe inayofukiwa baharini hufukiwa huko. Mgawanyo wa Murray na Renard umethibitika hata katika hesabu ambayo wao hawakuifanya.

Mto Amazon, unaotoa karibu sehemu moja ya tano ya maji yote ya mito duniani, unaonyesha jinsi mambo yanavyochanganyika. Karibu na mlango wa mto maji ni ya kahawia na mwanga hauingii. Mabaki huoza na dioksidi ya kaboni hutoka kwenda hewani. Mbele zaidi tope hutuama, mwanga huingia, na virutubisho vilivyoletwa na mto hulisha mwani. Huko bahari hufyonza dioksidi ya kaboni kutoka hewani. Kwa hiyo mtafiti anayepima sehemu moja tu anaweza kupata jibu lililo kinyume cha mwenzake.

Tope jekundu la Brazili nalo limepata maelezo. Mikondo na mawimbi hulikoroga tena na tena kabla halijatulia, na kila linapokorogwa hupata oksijeni mpya. Chuma hurudia wekundu wake, na mabaki ya viumbe huendelea kuliwa. Murray aliona kweli kwamba mabaki ni machache kuliko chuma. Hakuweza kujua kwamba uchache huo unatokana na tope lenyewe kufanya kazi kama tanuri, wala si kwa sababu mto uliyaleta machache.

Mahali picha yake ilipohitaji kurekebishwa zaidi ni kwenye makorongo ya chini ya bahari. Tope la ukingoni huweza kuporomoka ghafla na kushuka kama mto mzito hadi kilindini. Jambo hilo lilikubalika tu baada ya wanasayansi kuchunguza upya tetemeko la mwaka 1929 karibu na Newfoundland, ambapo nyaya za simu za baharini zilikatika moja baada ya nyingine. Korongo la mto Kongo huanzia ndani ya mlango wa mto wenyewe, na hupeleka mashapo ya msitu hadi kina cha karibu mita 5,000. Kwa mto huo, mpaka wa maili 300 hauna maana kubwa.

Na kuna mito ambayo haifikishi tena tope lake. Baada ya Bwawa Kuu la Aswan kukamilika mwaka 1970, karibu mashapo yote ya Nile hubaki nyuma ya ukuta, na delta yake inaliwa na bahari.

Ripoti na fedha zake

Thomson alifariki mwaka 1882 akiwa amechoshwa na kazi ya ripoti na mabishano na Hazina ya serikali kuhusu gharama. Murray aliichukua ofisi. Ripoti ilifikia majuzuu 50, na wataalamu kutoka nchi nyingi walishiriki kuiandika. Serikali ilipositisha fedha kabla ya kazi kuisha, Murray aliendelea kwa gharama yake mwenyewe, na majuzuu ya mwisho yalitoka mwaka 1895.

Aliweza kufanya hivyo kwa sababu mbili. Mwaka 1889 alimwoa Isabel Henderson, binti wa tajiri wa meli wa Glasgow. Walipata watoto watano. Pili, alipochunguza jiwe lililotoka Kisiwa cha Christmas katika Bahari ya Hindi alitambua kwamba ni fosfati safi, bidhaa ya thamani kwa mbolea. Uingereza ilikitwaa kisiwa hicho mwaka 1888, na kampuni ya kuchimba fosfati ilianzishwa mwaka 1897 Murray akiwa mmoja wa wakubwa wake. Kodi na malipo yaliyoingia Hazina yalipita gharama zote za safari ya Challenger, hoja ambayo Murray alipenda kuitaja. Upande wa pili wa habari hiyo hutajwa mara chache. Wachimbaji walikuwa vibarua wa mkataba, wengi wao Wachina, na mamia kati yao walikufa kwa beriberi katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20.

Ubishi kuhusu matumbawe

Mwaka 1880 Murray alipinga nadharia ya Charles Darwin kwamba visiwa vya matumbawe vyenye umbo la pete huundwa mlima wa volkeno unapodidimia. Yeye alisema matumbawe huota juu ya vilima vya chini ya bahari vilivyoinuliwa na mashapo, na katikati huyeyushwa na maji. Ubishi uliendelea zaidi ya nusu karne. Mwaka 1952 kisiwa cha Enewetak katika Pasifiki kilitobolewa, na mwamba wa volkeno ulifikiwa chini ya zaidi ya mita 1,200 za chokaa. Darwin ndiye aliyekuwa sahihi.

Maziwa ya Uskoti na miaka ya mwisho

Serikali ilipokataa kugharimia upimaji wa maziwa ya Uskoti, Murray alianza mwenyewe pamoja na kijana Frederick Pullar. Februari 1901 Pullar alikufa maji akijaribu kuokoa watu barafu ilipovunjika kwenye ziwa moja karibu na Stirling. Baba yake, Laurence Pullar, alitoa fedha ili kazi iendelee. Maziwa 562 yalipimwa, na matokeo yalichapishwa mwaka 1910.

Mwaka huohuo, akiwa na umri wa miaka 69, Murray alijitolea kulipia safari ya miezi minne katika Atlantiki ya Kaskazini kwa sharti kwamba serikali ya Norwei iazime meli yake Michael Sars. Alisafiri na Johan Hjort, na wawili hao walitoa kitabu kuhusu vilindi vya bahari mwaka 1912.

Alipewa cheo cha Sir mwaka 1898. Alifariki tarehe 16 Machi 1914 gari lilipopinduka karibu na Kirkliston, magharibi ya Edinburgh.

Safari ya Mabahiss

Katika wosia wake Murray aliacha hisa za kampuni ya fosfati zitumike kwa utafiti wa bahari. Fedha hizo ziligharimia safari ya mwaka 1933–1934 iliyopewa jina lake, kwa kutumia Mabahiss, meli ya serikali ya Misri yenye mabaharia Wamisri na wanasayansi wa Misri na Uingereza chini ya Seymour Sewell. Meli ilitoka Aleksandria, ikafika Aden, Karachi na Bombay, na ilitia nanga pia Mombasa na Zanzibar, ambako ilikokota juya na kukusanya mashapo. Challenger haikuwa imefika pwani hiyo.

Kaskazini mwa Bahari ya Arabu Mabahiss ilikuta kwenye miteremko ya bara tope la kijani lenye harufu ya mayai yaliyooza, bila mnyama hata mmoja, kwa sababu maji yaliyo juu yake yalikuwa karibu hayana oksijeni. Mgongo wa chini ya bahari katika eneo hilo huitwa Mgongo wa Murray. Sampuli za tope alizozikusanya maishani mwake zimehifadhiwa London, katika Makumbusho ya Historia Asilia, na watafiti bado huziomba.